Mali Bila Daftari: Santuri, Kaseti na Nyimbo za Ukambani

Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni, huku Ukambani, kuna sanduku ambalo halijafunguliwa kwa miaka. Ndani yake mna santuri zilizopinda kwa joto, kaseti zilizofutika maandishi, mikanda ya vidio isiyo na deki ya kuichezea, na disi za DVD zilizochubuka. Mwenye nyumba havitumii vitu hivyo, lakini kuvitupa hataki. Siku hizi, muziki na filamu vinapotiririka kwenye simu kwa bando la shilingi chache, kusita huko kumepata jina: watu husema ni kutamani ya kale. Tunasikia sifa za sindano iliyokwaruza kabla ya gitaa kuingia, na za kalamu iliyorudishia mkanda uliokwama. Sina ugomvi na kumbukumbu hizo. Hoja yangu ni kwamba anayesita kulitupa sanduku lile ana sababu nzito kuliko hiyo anayoitaja. Ameshika nakala ambayo ni mali yake, na pamoja nayo habari za nani alitunga, nani alipiga, na kazi ilitolewa na nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki wa Ukambani uliwahi kuwa na daftari lake, na daftari lenyewe limo ndani ya masanduku hayo.

Tuanze na santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, yaani singo. Kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1980, hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya biashara ya muziki nchini Kenya. Nairobi ilikuwa na studio, viwanda vya kukandamiza santuri, na wauzaji wa jumla katika River Road na mitaa jirani. Kutoka huko santuri zilipanda mabasi hadi kwenye masoko ya mashambani. Benga, mtindo uliotoka Nyanza na kupata mapigo yake mapya Ukambani, ulidai nafasi kubwa kuliko upande mmoja wa santuri. Wimbo ukakatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, na msikilizaji akalazimika kuinuka kuigeuza. Katikati ya santuri palibandikwa karatasi ya duara, yaani lebo, yenye jina la wimbo, la mtungaji, la bendi na la kampuni, pamoja na namba ya toleo. Mtangazaji wa idhaa ya Kikamba katika Sauti ya Kenya alikuwa na lebo hiyo mbele ya macho yake alipotaka kutaja wimbo. Majina yakaingia masikioni mwa watu: Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki na Kalambya Boys, na wale kina dada wa Kalambya Sisters, ambao “Katelina” yao ilivuka mipaka ya Ukambani katika miaka ya 1980. Kakai aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, akapendwa na watu wasiojua neno la Kikamba, na akafariki mwaka 1987. Mtafiti anayetaka leo kuziorodhesha kazi zake huanzia kwenye karatasi hizo za duara.

Jambo la pili kuhusu santuri ni kwamba ilitawanyika. Mara tu ilipouzwa, kampuni haikuwa na uwezo wowote juu yake. Ilikwenda Mutomo ikakaa dukani, ikapelekwa Mombasa na kijana aliyepata kazi bandarini, ikabaki Nairobi kwa shangazi wa mtu. Kampuni ikifilisika, santuri haikufa nayo. Studio ikiuza vyombo vyake, wimbo ulikuwa tayari umelala katika kaya nyingi zisizojuana. Hakuna aliyepanga hifadhi ya namna hiyo, wala haikuhitaji bajeti. Ilitokana na biashara ya kawaida ya kununua kitu na kwenda nacho nyumbani, na ndiyo maana baadhi ya nyimbo ambazo kanda zake asili hazijulikani ziliko bado zinaweza kusikika leo.

Kisha ikaja kaseti. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeingia hadi ndani ya matatu. Kaseti ilikuwa nyepesi, ilivumilia barabara ya vumbi, na mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kurudufu wimbo sebuleni kwake. Mlango huohuo uliomfungulia msikilizaji ulimfungulia mwizi. Kaseti bandia zilijaa sokoni, kampuni za santuri zikadhoofika, na watunzi wakabaki na sifa bila mkate. Chama cha Hakimiliki za Muziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983, na baadaye Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ikaleta Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, lakini hasara ilikuwa imeshaingia. Na ukweli usemwe: daftari lilianza kuchanika wakati huo. Kaseti ya kurudufu haikuwa na lebo iliyochapishwa. Ilikuwa na mwandiko wa mkono, aghalabu neno moja tu, na wino ukafutika. Kwa hiyo anayeulaumu mtandao peke yake kwa kupotea kwa majina ya watunzi anaisoma historia kuanzia ukurasa wa mwisho. Hata hivyo, yule mwizi wa kaseti, bila kukusudia, aliiachia jamii nakala nyingi. Disi za VCD na DVD zilizofuata katika miaka ya 2000 ziliendeleza hali hiyohiyo, mwanamuziki akiuza zake halali na mrudufu akiuza za wizi, na zote mbili zikiishia kwenye nyumba za watu.

Sasa tufike kwenye zama za kutiririsha. Mdundo ilianzishwa hapa Kenya mwaka 2013, Boomplay ikaja na simu za bei nafuu, Spotify ikaingia rasmi nchini Februari 2021, na juu ya yote kuna YouTube, ambako vijana wengi wa Kitui na Makueni huutafuta muziki wao. Hapa nakutana na pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Watasema: msichana wa Kibwezi mwenye simu ya kawaida leo anaweza kumsikiliza Kakai Kilonzo bila kununua gramafoni ambayo babu yake hakuwahi kuimudu. Mkamba anayefanya kazi Doha au Minnesota anasikia lugha ya mama akiwa jikoni kwake. Mwanamuziki chipukizi hahitaji tena kupanda ngazi za River Road kumbembeleza mwenye studio. Anapandisha wimbo wake mwenyewe, na ukipendwa anapata pia kitu kidogo kupitia milio ya simu ya Skiza. Yote hayo ni kweli, na mtu anayetamani ya kale bila kuyakubali anatamani zama ambazo wengi walisikia muziki kwa kusimama nje ya duka la mwenye redio. Kuhusu kufika kwa muziki masikioni mwa watu, mtandao umeshinda, na sioni haja ya kubishana.

Lakini kufika masikioni ni jambo moja, na kuwa mali ya mtu ni jambo lingine. Anayetiririsha wimbo ameuazima, na mwenye kuazimisha anaweza kuuchukua. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wasomaji waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, ila vitabu viliondoka bila hodi. Mwaka 2019 mtandao wa Myspace ulikiri kwamba ulipokuwa ukihamisha hazina yake ulipoteza muziki uliopandishwa kabla ya mwaka 2016, nyimbo zinazokadiriwa kuzidi milioni 50. Wengi wa waliopoteza hawakuwa nyota. Walikuwa wanamuziki wadogo walioamini kwamba kilichomo mtandaoni kimehifadhiwa. Ikiwa hayo yaliwapata watu wenye mawakili karibu nao, bendi ya Kikamba iliyopiga singo nne mwaka 1979 haina wa kuisemea.

Upo pia mkono wa hesabu. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. Kwa wimbo wa mjini London hicho ni kizingiti kidogo. Kwa wimbo wa Kikamba wa miaka 45 iliyopita, ambao wanaoujua ni wazee na wazee hao hawatumii Spotify, hicho ni ukuta. Simlaumu mwenye duka kwa kupanga rafu zake atakavyo. Biashara ni biashara. Nasema tu kwamba duka si hifadhi. Chombo kinachopima thamani ya wimbo kwa idadi ya waliousikiliza mwaka huu hakiwezi kukabidhiwa kazi ya kukumbuka, kwa sababu kukumbuka ni kutunza hata kile ambacho mwaka huu hakuna aliyekiuliza. Na tazameni namna nyimbo za kale zinavyopandishwa huko: saa nzima ya muziki uliounganishwa na didjei, kichwa kikisema ni mseto wa nyimbo za zamani za Kikamba, wimbo mmoja ukimezwa na mwingine, mtungaji hatajwi, mwaka hautajwi. Wajukuu wa aliyetunga wakitaka kudai haki yao, wataanzia wapi? Wataanzia kwenye ile santuri iliyopinda, endapo haijatupwa.

Pingamizi la pili huletwa na mafundi, nalo lasema: hizo santuri na kanda zenyewe zinakufa. Ni kweli tupu. Santuri iliyoachwa chini ya bati kwenye jua la Kitui hupinda. Jalada lake la karatasi ni chakula cha mchwa. Kaseti na mikanda ya VHS huota ukungu, na utepe wenye ukungu ukichezwa huharibika na kuiharibu deki. Tatizo kubwa zaidi ni deki zenyewe: Funai ya Japani, iliyosemekana kuwa mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS duniani, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walipiga mbiu kuhusu kanda za sumaku, wakitaja takriban mwaka 2025 kuwa mpaka ambao baada yake mashine zinazofaa na watu wanaojua kuzitengeneza wangeadimika mno. Mpaka huo tumeshaufikia. Hata wakubwa hawakusalimika: moto wa mwaka 2008 katika eneo la Universal huko California uliteketeza kanda asili za wanamuziki waliojulikana dunia nzima. Sasa, je, hoja hii inaipindua yangu? Naona inaikazia. Kama kitu kinaoza, dawa ni kukihamisha kwa mpangilio, na kuhamishia kwenye faili zinazomilikiwa na familia, maktaba na jamii yenyewe, katika nakala zaidi ya moja, mahali mbalimbali. Tunachopaswa kuiga kwa santuri si plastiki yake. Tuige utawanyiko wake na maandishi yaliyobandikwa juu yake.

Tena kuna sehemu ya sanduku lile ambayo mtandao haujawahi kuwa nayo. Tangu kamera za vidio zilipoenea, shughuli za Ukambani zilirekodiwa: siku ya ntheo, ambapo mbuzi hutolewa na ndoa ya kimila ikatambuliwa na wazee wa pande zote mbili, arusi za kanisani, harambee za shule, maziko ya wakubwa wa ukoo. Ziko pia kaseti za kwaya za AIC na za parokia za Kikatoliki zilizouzwa mlangoni mwa kanisa, na sauti za wazee waliopiga ngoma ya kilumi, ambayo watu waliicheza wakiomba mvua. Vitu hivi havikutolewa na kampuni yoyote. Aghalabu nakala ni moja au mbili tu, na waliomo ndani wengi wamekwisha kufariki. Hakuna huduma ya kutiririsha itakayokuja kuvitafuta, kwa kuwa havina soko. Vikitupwa pamoja na deki mbovu, ndio mwisho wake. Anayewaambia watu wa Makueni kwamba kila kitu sasa kipo mtandaoni anazungumzia vitu vya watu wengine.

Pingamizi la tatu ni la kijamii. Kuna wanaoona kwamba mapenzi haya ya santuri ni anasa iliyotoka ng’ambo. Marekani, mwaka 2022, santuri zilizouzwa zilikuwa milioni 41 na CD milioni 33, mara ya kwanza tangu mwaka 1987 santuri kuipita CD kwa idadi. Na wanunuzi wengi ni watu ambao tayari wanalipia huduma za kutiririsha. Mtu wa Ikutha anayenunua maji kwa mtungi hana haja na pambo la namna hiyo. Nakubali kabisa, wala siwaombi wasikilizaji wanunue gramafoni. Ila mtindo huo wa ng’ambo una athari yake hapa nyumbani. Wakusanyaji kutoka Ulaya na kwingineko wanazitafuta singo za Kenya, na huzinunua kutoka mikononi mwa watu wasiojua thamani yake. Wengine hufanya kazi njema: huzitoa upya, huandika historia yake na huwalipa wenye haki. Lakini tukikaa kimya, nakala safi ya mwisho ya wimbo wa Kikamba itakuwa kwenye rafu mjini Berlin, na mwanafunzi wa chuo kikuu wa kutoka Kitui ataandika barua kuomba ruhusa ya kuusikiliza.

Hilo si jambo la kubuni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alinasa sauti za wasichana wa Kipsigis wakiimba “Chemirocha”, wimbo ulioitwa kwa jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefika vijijini kwao kwa njia ya gramafoni. Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya nakala kurudishwa kwa wenyewe, maktaba hiyo ikishirikiana na taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi iliyoanzishwa na Tabu Osusa. Kurudi huko kuliwezekana kwa sababu mbili tu: kitu chenyewe kilitunzwa, na kiliandikwa kilirekodiwa wapi na kwa nani. Kingekuwa sauti tupu isiyo na maandishi, kingerudishwa kwa nani?

Nani basi afanye kazi hii kwetu? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Imetaja hata maonyesho na ukodishaji wa vidio. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi nayo inazipa kaunti wajibu wa kuweka rejista. Kwa hiyo sheria ipo. Kinachohitajika Kitui, Mwingi au Wote ni chumba kimoja chenye deki moja inayofanya kazi, chombo cha kuchezea kaseti, kingine cha santuri, kompyuta, na fundi anayelipwa. Mwananchi alete mkanda wake, unakiliwe, aondoke nao pamoja na faili yake, na kaunti ibaki na nakala yenye maelezo kamili, haki za watunzi zikiheshimiwa. Gharama yake haikaribii ya barabara hata ya kilomita moja. Vituo vya redio vinavyotangaza kwa Kikamba navyo vina deni lao: wimbo ukipigwa, mtungaji atajwe, kila siku, hata kama ni wa mwaka 1978.

Lakini kaunti huchelewa, na ukungu haungoji kikao cha bajeti. Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwenu mlio na sanduku. Lifungueni wiki hii. Kaseti au mkanda wenye ukungu msiucheze. Uwekeni kando penye kivuli pakavu hadi mpate fundi. Santuri zisimamisheni wima, mbali na bati. Pigeni picha ya kila lebo, pande zote mbili. Kwenye mkanda wa arusi au wa ntheo, mkalisheni mzee mmoja pembeni awatajie majina ya wanaoonekana, nanyi myaandike. Lebo ya santuri haina maneno ishirini, na kuyanakili ni kazi ya dakika mbili. Ila yule mzee anayemjua mtungaji kwa uso ana umri wa kutosha, na hakuna mtandao uliowahi kumuuliza.